Mama mkwe abana kila rupia, nami sijui tunabania nini

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikuja India kusoma, nikaolewa na kijana wa Kigujarati niliyesoma naye, na huu ni mwaka wa tatu tunaishi Vadodara nyumbani kwa wazazi wake. Mume wangu ni mpole, sina neno naye. Shida ni mama mkwe. Nyumba hii haina njaa, Shangazi: baba mkwe ana pensheni, mume ana kazi nzuri, na mimi ni mhasibu kwenye ofisi ndogo. Lakini mama anahesabu vyapati kabla unga haujakandwa. Mfuko wa maziwa ukiisha lazima usuuzwe na yale maji yarudi sufuriani. Nikisahau kuzima hita ya kuogea, nyumba nzima inajua. Mtungi wa gesi ukifungwa anaandika tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Uliopita uliisha mapema, akasema mbele ya jirani kuwa ni maharage yangu. Mishahara yetu yote tunampa yeye, mimi nabakishiwa kidogo cha mkononi. Hicho kidogo ndicho namtumia mama yangu Korogwe, rupia 3,000 kila mwezi. Juzi amegundua, akaninunia siku mbili. Nimechoka. Nimwambie mume wangu tuhame? – Mke wa Vadodara*

Marahaba, mwanangu. Pole. Umeniletea mambo mawili ndani ya bahasha moja, na ukiyajibu kwa pamoja utagombana na mtu kwa kosa ambalo si lake. Nianze na lile ambalo nitakuwa upande wa mama mkwe wako, usinikasirikie.

Kusuuza mfuko wa maziwa si uchoyo. Mfuko uliosuuzwa ukakauka haunuki, na mnunuzi wa vyuma chakavu na magazeti anayepita mitaani na mkokoteni huinunua mifuko kama hiyo kwa kilo. Kaa naye jikoni wiki moja uyafuatilie hayo maziwa. Asubuhi yanachemshwa, yanapoa, yanaingia friji. Kesho yake malai, ule utando mzito wa mafuta ya maziwa, yameganda juu, anayaengua kwa kijiko anayatia kwenye bakuli la stili. Bakuli likijaa anatia kijiko cha mtindi, anayaacha yalale, asubuhi anayasuka. Siagi inapanda juu. Yale maji meupe yaliyobaki yanatiwa chumvi na jira, ndiyo chaas mnayokunywa na chakula cha mchana. Siagi inakaa kwenye moto mdogo mpaka inakuwa samli, na mashapo ya kahawia yanayobaki chini ya sufuria yanakandiwa kwenye unga wa vyapati. Maziwa yalinunuliwa kwa ajili ya chai, mwanangu. Ulizia bei ya kilo ya samli dukani kwenu, kisha uniambie kama huyo mama anapoteza muda.

Vyapati vya jana vinakatwakatwa vinakaangwa na haradali, manjano na mtindi. Wali uliolala unakandwa na unga wa dengu unakuwa vitonge vya muthia. Ngano inanunuliwa ya mwaka mzima msimu wa mavuno, inapakwa mafuta ya mbarika ili isipate wadudu, inasagwa kidogo kidogo. Muuza mboga akishalipwa, anadaiwa kishada cha giligilani na pilipili mbili za bure, na mwanamke wa Kigujarati anayeondoka bila hiyo giligilani anajiona ameibiwa. Huu ni ujuzi, umepita kwa mama hadi kwa mkwe kwa vizazi. Kuna watu wanaulipia siku hizi wafundishwe.

Na kuhusu maharage, mama mkwe ana haki. Maharage makavu yanaroweshwa tangu usiku. Yaingize kwenye presha kuka, yakishapiga filimbi za kutosha zima moto, yaache yamalizikie na mvuke wake bila kufungua mfuniko. Yeye huenda anapanga bakuli la dengu na bakuli la wali ndani ya kuka moja ili vyote viive kwa moto mmoja. Mwenzio ameolewa, nadhani, miaka ya 1980. Wakati ule familia nyingi za mjini huko zilijiandikisha zikasubiri miaka kupata mtungi wa gesi, na kabla ya hapo ni foleni ya mafuta ya taa na kadi ya mgao mkononi. Ile tarehe kwenye kalenda haikuanza kwa ajili yako. Lakini kukusema mbele ya jirani ni kosa, na hilo mumeo amwambie mamaye yeye mwenyewe, faraghani, kwa Kigujarati chao. Usimwambie wewe.

Sasa twende kwenye jambo la pili, ambalo wewe umeligusa kwa mstari mmoja ukalipita. Wewe ni mhasibu. Kutwa unahesabu pesa za watu, na hujui mshahara wako mwenyewe unakwenda wapi. Hapo ndipo penye kidonda. Mtu anaweza kuogea ndoo moja miaka kumi akiwa na furaha kama anajua ndoo hiyo inajenga nini. Wewe unaambiwa zima, punguza, suuza, na hakuna aliyekuonyesha daftari.

Naye daftari analo, nakuhakikishia. Mwanamke anayeandika tarehe ya gesi hawezi kukosa daftari.

Kabla hujaliomba, zungumza na mumeo umuulize: kuna deni la harusi ya dada yake? Kuna kiwanja? Dhahabu inanunuliwa kila Dhanteras, ile siku ya kununua dhahabu kabla ya Diwali, na iko wapi? Ana akaunti ya PPF, ile akiba ya serikali ya tangu 1968? Hiyo inafungwa miaka 15, mtu anaweka hadi rupia 150,000 kwa mwaka, na ni ya raia wa India mkazi, kwa jina moja tu. Wewe Mtanzania huwezi kufunguliwa ya kwako, wala hamwezi kuwa na ya pamoja. Kama mshahara wako unaingia humo kupitia jina lake, angalau ujue nani ameandikwa kuzipokea pesa hizo akifariki. Hili si la kumshuku mtu. Ndoa nyingi nzuri zina fomu ambayo haijawahi kujazwa.

Nina swali jingine ambalo barua yako haikujibu: je, mumeo naye anazimiwa hita? Nauliza kwa sababu siku hizi kijana anabonyeza simu, na biskuti na soda zinafika mlangoni kabla chai haijachemka, na ada ya kuletewa hakuna anayeiandika kwenye kalenda. Kama ubanaji unamhusu mkwe peke yake, basi jina lake ni jingine, na nitakuwa upande wako bila kusita.

Ukishajua hayo, mwendee mama. Usimwambie "nionyeshe hesabu". Atasikia "wewe mwizi". Chagua mchana mkiwa mnachambua mchele pamoja, umuulize usiku wa tarehe 8 Novemba 2016 ilikuwaje. Usiku ule serikali ilitangaza kwenye televisheni kwamba noti za rupia 500 na 1,000 hazitumiki tena, zipelekwe benki kabla ya mwisho wa Desemba. Wanawake wengi wa India walikuwa na akiba yao ya siri kwenye pipa la mchele, chini ya dengu, ndani ya mikunjo ya sari, na wengi wakalazimika kuitoa mbele ya waume waliokuwa hawajui kama ipo. Mpe nafasi asimulie. Kama naye alikuwa na zake, mtakuwa mmeshafika mahali ambapo unaweza kumwambia: Mummy, nami nataka kujifunza, nifundishe daftari, mimi kazi yangu ni hesabu, nitakuandikia. Mara nyingi mtu mzima anayebeba mahesabu ya nyumba peke yake amechoka kuliko anavyokubali.

Kuhusu pesa za Korogwe, nadhani hujaelewa kimya chake. Kwa mila za zamani za watu wengi wa huko, kitu hutoka kwa wazazi wa binti kwenda alikoolewa, hakirudi nyuma. Walikuwepo wazazi ambao hata maji waliona haya kuyanywa nyumbani kwa binti yao. Kwetu mtoto mwenye mshahara asiyemtumia mama yake anasemwa msibani na arusini. Kwa hiyo yeye huenda hakuwa anahesabu zile 3,000. Alikuwa anajiuliza ni mama gani anapokea, na wewe ulikuwa unajiuliza ni mama gani anakataza. Mwelezeni, wewe na mumeo pamoja, mumeo akianza. Usiombe ruhusa. Unatoa taarifa ya wajibu wako, na kosa pekee unaloweza kulikubali ni kwamba alilijua kwa kulifuma badala ya kuambiwa.

Halafu utaratibu ubadilike. Mshahara wako uingie kwenye akaunti yako, ukatoe wewe fungu la nyumba mlilokubaliana, mkononi mwake, tarehe ileile kila mwezi. Fungu liwe nono, usiwe mchoyo nawe. Kinachobaki ni chako na cha Korogwe, na kwenye daftari la nyumba hakihitaji mstari. Atalalamika mwezi wa kwanza. Usijibizane naye, mpe fungu lake kwa mikono miwili uende zako kuwasha kuka.

Ama kuhama, bado. Mwenye nyumba atataka amana ya miezi kadhaa mbele, mtanunua jiko, mtungi, friji, na hamna akiba mnayoijua kuwa ni yenu. Mfanye hayo niliyoyasema mpaka Diwali. Ukionyeshwa daftari, mtaamua kuhama au kukaa mkiwa na namba mbele yenu. Ukinyimwa, na mumeo akakwambia uache maswali, niandikie tena, jibu langu siku hiyo litakuwa fupi.