Jibu: Catan tumeizoea mno, tuongeze ipi?

Ndugu yangu, umeuliza ununue nyongeza ipi ya Catan, ule mchezo wa mezani wa kujenga vijiji na miji: Seafarers au Cities & Knights, kwa kuwa Catan ya kawaida mmeicheza mpaka mshindi anajulikana mapema. Chukua Cities & Knights.

Seafarers inaleta meli na visiwa. Nzuri, lakini akili ya mchezo inabaki ileile. Hii nyingine inaugeuza mchezo wenyewe: mji ulio malishoni haukupi tena sufu mbili, bali sufu moja na kitambaa kimoja, mlimani kuna sarafu, msituni karatasi, na kwa bidhaa hizo unaendeleza miji yako. Ushindi ni pointi 13, si 10.

Ninachokipenda zaidi ni wavamizi. Meli yao inasogea kwa dadu, na nguvu yao ni idadi ya miji yenu wote. Wakiwashinda, mwenye mchango mdogo kuliko wote wa wapiganaji (vipande vya kulinda miji) anaona mji wake ukirudi kuwa kijiji. Basi unamlinda hata mpinzani wako, huku ukihesabu asikupite!

Tengeni jioni nzima, maana ni ndefu. Na tunza ngano: mpiganaji asiyeamshwa kwa kulipiwa ngano hahesabiwi vitani.