Pumzi 20 vitanda vyote: kwa mlioanza zamu wodi ya majeruhi

Wadogo zangu, jana nimepitia chati zenu za usiku. Vitanda kumi na viwili, na kila kitanda pumzi 20 kwa dakika. Kijana wa bodaboda mwenye mguu wa plasta, 20. Mzee wa nimonia, 20. Na yule wa Tandahimba aliyeanguka kwenye mwembe akaumia uti wa shingo, naye 20! Nilimhesabu mwenyewe nikapata 34. Nawapenda, lakini kwa hili tutagombana. Haya saba ni ya mgonjwa kama huyo, aliyeumia uti wa shingo.

1. Hesabu dakika nzima, mkono juu ya tumbo. Neva ya kiwambo, ule msuli wa kupumulia kati ya kifua na tumbo, inatoka C3 hadi C5 (pingili ya tatu hadi ya tano ya shingo), na misuli ya mbavu iko chini ya jeraha, imelala. Ndiyo maana tumbo likipanda kifua kinabonyea. Siku za mwanzo uvimbe unaweza kupanda, na aliyejitosheleza jana akashindwa leo.

2. Usimkalishe kwa mazoea. Hili nililipia, au tuseme alilipa mwenzangu.

Mwaka wangu wa pili kazini, hospitali nyingine, nilipokea mkwezi kijana aliyeanguka kwenye mnazi. C5, kola shingoni, viwiko vinakunjika kidogo, vidole havina kitu. Usiku wa pili nikamkuta anahema. Nilivyojua mimi, mwenye shida ya pumzi anakalishwa. Nikainua kichwa cha kitanda, nikaongeza oksijeni, oksimita (kipima oksijeni cha kidoleni) ikasoma 97, nikaridhika. Akaniambia, "Sista, nilaze." Nikamwambia avumilie, ni kwa faida yake.

Mama yake alikuwa mkekani pembeni ya kitanda. Jioni walikuwa wakisoma Alhamdu pamoja. Saa saba usiku akanifuata mezani: "Mwanangu, ile aya ya mwisho jioni alikuwa anaimaliza kwa pumzi moja. Saa hizi anaikata mara tatu." Nikamjibu, "Mama, kachoka, mwache apumzike." Nikarudi kwenye mafaili.

Saa kumi alfajiri nikamwita, akafumbua jicho moja akalifumba. Kabonidioksaidi ilikuwa imemjaa, na oksijeni niliyoongeza mimi ndiyo iliyoificha. Oksimita bado ilikuwa juu ya 90. Tulimpulizia kwa ambu, mfuko wa kusukumia hewa, hadi mtaalamu wa usingizi akafika na kumwekea mpira wa koo wa kupumulia. Makohozi yakaingia, nimonia ikafuata. Alifariki siku ya tisa. Mama yake alikunja mkeka, akanishika mkono, akaniambia asante. Sikuwa na la kumjibu.

Alikuwa anajua mwili wake kuliko mimi. Tumbo lililopooza halina ukuta: akikaa, matumbo yanaanguka mbele, kiwambo kinashuka nayo na kukosa nafasi ya kuvuta. Akilala chali matumbo yanakirudisha juu, na kila pumzi inakuwa ndefu. Siku ya kuanza kumkalisha ikifika, fungeni kwanza mkanda wa tumbo, kama mkaja wa mzazi.

Tangu siku ile kila zamu namwambia mgonjwa avute pumzi kubwa, ahesabu kwa sauti kuanzia moja, nami naandika alipofikia. Jioni 18, saa nne 14, saa sita 9: hapo mwite daktari, hata oksimita ikisema 98. Na ndugu akikwambia sauti imebadilika, inuka kwenye kiti.

3. Kikohozi hana, mpe chako. Viganja chini ya mbavu, avute pumzi, akikohoa sukuma ndani na juu. Mbavu zikiwa zimevunjika, acha. Mfundisheni na ndugu. Wanaobangua korosho kutwa wana mikono mizuri kwa kazi hii.

4. Saksheni (kufyonza makohozi kwa mpira) inaweza kushusha mapigo ya moyo ghafla. Oksijeni kwanza, fyonza sekunde chache tu, atropini, dawa ya kupandisha mapigo, iwe karibu.

5. Mgeuze kila saa 2, kama gogo, mmoja akishika kichwa. Mkiwa wawili, iteni wodi jirani.

6. Tumbo likijaa gesi, mpira wa pua wa kufika tumboni mapema.

7. Rufaa ya Dar ni zaidi ya kilomita 500. Ambaye hesabu yake inashuka awekewe mpira wa koo kabla gari halijawashwa. Njiani, pale Somanga, usiku hakuna wa kukusaidia.

Aliyeandika 20 vitanda vyote simtaji. Leo saa moja jioni aje na saa yenye mshale wa sekunde, tuanze na kitanda cha nne.