Maswali yenu: Rais, kura na kile kiti

Barua za safari hii karibu zote zinamhusu Rais Samia, mnayemwita Mama. Nimechukua tano na majina ya waandishi nimeyaacha. Mnaelewa sababu.

Huku kwetu mtoto hamjibu mama yake mbele za watu. Kwa nini unamkosoa Mama hadharani? Yeye ni mpole, na ndiye aliyetuletea zile R nne: maridhiano, ustahimilivu, mageuzi na kujenga upya. (Msomaji, Tukuyu)

Mama yangu mzazi simkosoi hadharani, hilo tumekubaliana. Ila mama yangu hateui majaji, wakuu wa mikoa, wakurugenzi wa halmashauri, wala mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi. Anayeteua hao wote anajibu maswali, awe mpole au mkali.

Upole wenyewe tuutazame. Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa mwaka 2016 kwa tamko la Rais Magufuli, wakati sheria ya vyama inairuhusu. Januari 2023 Rais Samia akaifungulia, naye kwa tamko. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga. Lakini kinachotolewa kwa tamko hurudishwa kwa tamko. Agosti 2024 vijana wa CHADEMA walipanga kuadhimisha Siku ya Vijana Duniani hapahapa Mbeya. Polisi wakapiga marufuku, mamia ya vijana wakakamatwa, na viongozi wao wa kitaifa, Mbowe na Lissu, wakakamatwa pia. Na sheria ilikuwa bado inaruhusu mikutano. Aprili 2025 Lissu akakamatwa Mbinga baada ya mkutano, na kesho yake akasomewa shtaka la uhaini Dar es Salaam. Maridhiano ni mojawapo ya zile R nne, ndugu yangu.

Kwa hiyo sijadili kama Mama ana roho nzuri. Kikwete alikuwa mcheshi, Magufuli mkali, Samia anaongea taratibu, na wote watatu wamekalia kiti kilekile kwa Katiba ileile ya 1977.

Mimi nafanya biashara Tunduma. Nikivuka barabara niko Nakonde, Zambia, na wenzetu wale wamebadilisha rais kwa kura. Wamalawi nao vilevile. Sisi tuna kasoro gani? (Mfanyabiashara, Tunduma)

Swali hili nimelipenda kuliko yote, maana sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunaishi na majibu yake mlangoni. Wenzetu wa Dar wanayasoma tu kwenye magazeti.

Zambia, Agosti 2021: Lungu alikuwa madarakani, na Hichilema akamshinda kwa asilimia kama 59. Huko mshindi lazima avuke nusu ya kura, la sivyo wanarudia. Na anayepinga matokeo ana siku saba za kwenda Mahakama ya Katiba. Usidhani kila kitu kwao kimenyooka: mwaka 2016 Hichilema huyohuyo alifungua shauri, likafa kwa sababu siku zilizowekwa kisheria zilikwisha kabla halijasikilizwa. Lakini mlango wa kuingilia alikuwa nao.

Sasa shuka Kyela, vuka Kasumulu. Wamalawi walipiga kura Mei 2019, Mutharika akatangazwa mshindi. Wapinzani wakaenda mahakamani na karatasi za matokeo zilizofutwafutwa kwa wino mweupe, ule wa makarani, kisha tarakimu zikaandikwa upya juu yake. Kesi ilikwenda miezi. Februari 2020 majaji watano wakafika mahakamani wamevaa fulana za kuzuia risasi, wakasoma hukumu kwa saa nyingi, wakafuta uchaguzi. Juni wakarudia, Chakwera akashinda. Septemba 2025 Mutharika akarudi na kumshinda Chakwera, naye Chakwera akakubali akaondoka. Rais aliyefutiwa ushindi na mahakama akarudishwa na wapiga kura. Hizo ndizo siasa.

Kwetu Ibara ya 41(7) inasema Tume ikishamtangaza mshindi wa urais, hakuna mahakama yoyote yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Karatasi ikifutwa kwa wino mweupe, utaipeleka kwa nani? Mbunge wa Momba unaweza kumshtaki Mahakama Kuu, hata diwani anashtakika, Rais hapana. Na tangu marekebisho ya mwaka 2000 hahitaji kuvuka nusu, anachotakiwa ni kumzidi anayemfuatia. Mahakama ya Afrika, ambayo ipo Arusha na si Ulaya, ilisema mwaka 2020 kwamba ibara hiyo inavunja haki. Ibara bado ipo.

Kasoro yako wewe na jirani yako wa Nakonde siioni. Mnauza bidhaa zilezile.

Kamwene. Asilimia 97.66 inawezekana kweli? Tusibishane kwa hasira, nipe hoja. (Mwalimu mstaafu, Mafinga)

Kamwene, mwalimu. Nakuwekea takwimu za Tume ya Uchaguzi yenyewe, za kura za urais. Mwaka 2015 mshindi alipata asilimia 58, mwaka 2020 asilimia 84, Oktoba 2025 asilimia 97.66, zaidi ya kura milioni 31.9. Waliojitokeza 2020 walikuwa kama nusu ya walioandikishwa, 2025 tukaambiwa asilimia 87. Yaani CHADEMA wametolewa kwa kukataa kusaini kanuni za maadili, kiongozi wao Lissu akiwa rumande, Mpina, mgombea urais wa ACT-Wazalendo, ameenguliwa, halafu watu ndiyo wakajitokeza kuliko wakati wowote wa karibuni. Wewe umefundisha hesabu, mimi sikufundishi.

Waangalizi wa Umoja wa Afrika walisema uchaguzi haukufikia misingi ya umoja huo, na wale wa SADC wakasema sehemu nyingi wapiga kura hawakuweza kuonyesha matakwa yao. SADC, mwalimu, ambao huwa hawasemi kitu.

Ningeamini haraka kama ningeona karatasi ile inayobandikwa mlangoni mwa kituo, za vituo vyote, pamoja. Kenya mwaka 2022 tume yao iliziweka mtandaoni, kila mwenye simu akajumlisha mwenyewe. Sisi siku ya kura intaneti ilizimwa.

Mimi nauza viazi Uyole. Oktoba 29, siku ya kura, na siku zilizofuata magari yalisimama, mtandao ukazimwa, mzigo ukaniozea. Ile tume ya Jaji Othman ya kuchunguza vurugu za uchaguzi itatusaidia? (Uyole)

Pole sana, na pole zaidi kwa waliozika. Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ni mtu wa sheria mwenye heshima yake, sina neno naye. Tatizo ni kwamba kwa sheria yetu tume ya uchunguzi inaundwa na Rais, inapewa hadidu za rejea na Rais, na taarifa inakwenda kwa Rais. Wanaolalamikiwa ni vyombo vilivyo chini ya Rais huyohuyo. Fidia ya viazi usiitegemee. Tunza risiti zako lakini.

Rais anaweza kuondolewa na Bunge? Na Samia atagombea tena 2030? (Iringa)

Anaweza, Ibara ya 46A. Sababu mojawapo ni mwenendo unaodhalilisha kiti cha Rais, kwa hiyo mwenendo wake ni jambo la Katiba, si umbea wa vijiweni. Hoja inataka saini za asilimia 20 ya wabunge wote ili ianze, na theluthi mbili ili ipite. Hesabu wabunge wa upinzani waliopo Dodoma, utamaliza kabla chai haijapoa.

La 2030 ni fupi. Ibara ya 40(4): makamu akirithi kiti huku imebaki miaka mitatu au zaidi, anaruhusiwa kugombea mara moja tu. Aliapa Machi 19, 2021, ilikuwa imebaki zaidi ya minne, na mara yake ameitumia 2025. Hagombei, labda ibara ibadilishwe, na kuibadilisha nako kunahitaji theluthi mbili zilezile za Bunge. Hizo wanazo.