Neno la kawaida kwenye mchezo wa maneno: mpaka unauweka wapi?

Mkuu, umesema unatengeneza mchezo wa kukisia neno la herufi tano, maneno umeyavuna yote kwenye kamusi, na siku uliyoweka "upawa" (kijiko cha kifuu cha nazi) kama jibu wachezaji wakakujia juu. Sasa unataka namba: neno litokee mara ngapi kwenye maandishi ndipo lihesabiwe la kawaida? Nimetunga na kuhariri mafumbo ya aina hii kwa muda, na naona unatafuta namba ambayo haipo. Kigezo changu ni hiki: mchezaji aliyeshindwa akionyeshwa jibu aseme "aa, hili nalo limenipita!", si "hili ni nini?"

Kwanza tenga orodha mbili. Moja ni ya maneno ambayo mchezo unayakubali mtu akiyaandika, nyingine ni ya yanayoweza kuwa jibu. Hiyo ya kwanza iwe pana, kwa sababu hakuna kinachoudhi kama kuandika neno unalolijua ukaambiwa si neno. Ya pili ibane. Josh Wardle alipotoa Wordle mwaka 2021, mchezo wa Kiingereza ambapo wote wanakisia neno moja la herufi tano kila siku kwa majaribio machache, wakionyeshwa herufi walizopatia, alikuwa na maneno ya Kiingereza yanayozidi 12,000, na mwenzi wake, Palak Shah, ndiye aliyeyapitia na kuchagua anayoyajua. Majibu yakabaki kama 2,500. Mtu mmoja, na kigezo cha "nalijua hili?", na mamilioni wakacheza bila kinyongo.

Sasa hesabu ya marudio. Itumie, lakini ujue inapokudanganya. Kopasi za Kiswahili, yaani mikusanyo mikubwa ya maandishi ya kuchunguzia lugha, kwa mfano ile ya Helsinki yenye maneno kama milioni 25, zimejaa habari za magazeti na vitabu. Ukipanga kwa marudio, "bunge", "chama", "hatua" na "ilani" vitapanda juu. "Kwapa" litakuwa chini huko. Lakini mtafute mzungumzaji wa Kiswahili asiyejua kwapa! Watu hawaandiki sana kuhusu makwapa yao, basi. Tena katika kopasi yoyote kubwa, karibu nusu ya maneno tofauti hutokea mara moja tu. Maana yake huku chini, ambako ndiko unakohitaji msaada wa kuamua, tofauti ya mara mbili na mara tano ni bahati tu ya nani aliandika nini. Kule juu hesabu ni sahihi kabisa, ila kule juu hukuhitaji kuambiwa.

Na hata huko juu kuna mitego. "Wangu", "yangu", "zangu", "langu", "pangu": yote ya kawaida kupindukia, yote herufi tano, yanatofautiana herufi ya kwanza tu. Ukiliweka moja kuwa jibu, mchezaji aliyepata "-angu" anabaki anabahatisha. Mimi huyatoa kwenye majibu, pamoja na "ambao".

Kuna jambo wanaoiga michezo ya Kiingereza hawalioni. Kamusi zetu huingiza nomino kwa umoja. Ukivuna vidahizo (maneno yanayoorodheshwa na kamusi) vya herufi tano utapata "udevu" na utalikosa "ndevu". Nani anasema udevu? "Kucha" limejificha chini ya "ukucha", na "macho" chini ya "jicho". Kwa hiyo orodha ya vidahizo inakutupia maneno ambayo hakuna anayeyatamka na kukunyima yale ambayo kila mtu anayo mdomoni. Ingiza wingi kwa mkono, hakuna njia ya mkato.

Vitenzi navyo ni kesi nyingine. "Akala", "tuone", "usije" yanajulikana na wote lakini kwenye kamusi hayamo, na ukifungua mlango huo, mzizi mmoja wenye viambishi vya nafsi, njeo (wakati) na ukanushi utakuzalia maneno hadi uchoke. Hapa ndipo upana wa orodha ya kwanza unapokoma kwangu: "cheka" na "fanya" ndiyo, "akala" hapana. Wengine huamua kinyume, na si dhambi. La muhimu sheria iandikwe mahali inapoonekana kabla mtu hajaanza kucheza.

Yaliyobaki katikati, yaani yale unayoyasitia, wape watu. Watafute wa umri tofauti na wa pande tofauti, kila mmoja aweke alama: nalijua, nimelisikia, silijui. Halafu changanya na maneno ya uongo uliyoyabuni mwenyewe. Hii si ujanja wangu, watafiti wa msamiati huifanya ili kupima nani anajisifu. Mimi nilibuni "mgeso", na jamaa mmoja akaniapia kwamba ni aina ya mti. Alama zake nyingine nilizisoma kwa tahadhari.

Usiruke hilo la pande tofauti. Mei 2022 jibu la Wordle lilikuwa "homer", neno la besiboli ambalo Wamarekani wanalo na Waingereza wengi hawana. Waliokimbilia kamusi walikuwa wengi kiasi kwamba Cambridge Dictionary ililifanya neno lake la mwaka. "Tembo" na "ndovu" kwetu yanapita yote mawili, maana hata anayetumia moja analijua la pili. Neno linalojulikana upande mmoja tu libaki kwenye orodha ya kukubaliwa.

Haya yote ni kwa mchezo wa kukisia. Kwenye fumbo la maneno mtambuka neno gumu huokolewa na yanayolikata, kwa hiyo hata "upawa" ningeliweka bila wasiwasi. Kwenye mchezo wa kuunda maneno mengi kutoka herufi chache, yale magumu yafanye ya ziada: yanampa mtu pointi, lakini hayahitajiki ili amalize.

Matusi na maneno ya kudhalilisha watu, toa kwenye majibu, hilo halihitaji mjadala.

La mwisho ni namna ya kurekebisha mchezo ukiwa tayari hewani. Gazeti la New York Times liliponunua Wordle lilitoa baadhi ya maneno, na tarehe 15 Februari 2022 waliokuwa bado na toleo la zamani wakapata "agora" huku wengine wakipata "aroma". Mchezo ambao raha yake ni wote kuhangaika na neno moja, ghafla una majibu mawili. Kwa hiyo ukiamua kuondoa neno, ondoa la wiki zijazo. La leo liache lilivyo, hata kama wanakutukana.