Utelezi wa Mawe ya Mtoni na Safari ya Kaboni

SWALI: Bwana Mhariri, salaam. Juzi nilikwenda arusini Rabai, na tulipokuwa tukivuka Mto Kombeni niliteleza juu ya jiwe nikaanguka majini na buibui langu. Binti yangu wa kidato cha tatu alicheka kwanza, kisha akanieleza kwamba utelezi ule ni viumbe hai na kwamba unapunguza hewa ukaa duniani. Mimi nilidhani ni uchafu tu. Je, asemayo ni kweli?
Mama wa Kisauni, Mombasa

JIBU: Pole sana, mama. La kwanza binti yako amelisema sawasawa, ila la pili amelisema nusu.

Utelezi ule ni ndugu wa ukoga wa meno. Bakteria hujishikiza mahali pagumu, wakatoa ute wa sukari na protini na kujifunika nao. Mtoni huishi pamoja nao mwani wa seli moja, kuvu, na vijidudu vinavyowala wenzao. Ute huo huwazuia wasichukuliwe na mkondo, hunasa chakula kinachopita majini, na ndio huohuo uliokuangusha.

Mchana, jua linapolifikia jiwe, mwani huchukua hewa ukaa iliyoyeyuka majini, ukatengeneza sukari na kutoa oksijeni. Mahali maji yalipotulia, utaona viputo vidogo vimegandamana na utando huo wa utelezi. Hapa ndipo binti yako aliposimama. Lakini jamii yote hiyo, mwani ukiwamo, hupumua usiku na mchana, na jua likishatua hubaki kupumua tu, hivyo oksijeni hupungua na hewa ukaa huongezeka majini mpaka alfajiri. Isitoshe, chakula chao hakitoki mtoni peke yake, kwa kuwa majani ya miembe na mikorosho huanguka majini, na mvua huleta udongo wa mashambani. Kuvu hulilainisha jani, bakteria wakamalizia, na sehemu kubwa ya kaboni iliyokuwamo hugeuka hewa ukaa. Ndiyo maana mito mingi, ukiijumlisha kwa saa 24, hutoa hewa ukaa kuliko inavyochukua.

Zamani mito ilihesabiwa kama mabomba ya kupeleka kaboni ya nchi kavu baharini, dhana ambayo kwa maoni yangu ilidumu kupita kiasi. Mwaka 2007 mwanasayansi Jonathan Cole na wenzake walikadiria kwamba maji ya bara, yaani mito, maziwa na mabwawa, hupokea angalau tani bilioni 1.9 za kaboni kwa mwaka, na kwamba ni tani bilioni 0.9 hivi tu zinazofika baharini. Nyingine huzikwa katika matope, na zipatazo bilioni 0.75 hurudi angani. Si zote zinazorudi angani ni kazi ya utando, kwani hewa ukaa nyingine huingia mtoni ikiwa tayari imeyeyuka katika maji ya chemchemi.

Kombeni una jambo lake la ziada, nalo ni kwamba ni mto wa msimu. Wakati wa kiangazi majani hurundikana katika mkondo mkavu, na utando hukauka ukawa kama gamba jembamba juu ya mawe, lakini baadhi ya wakazi wake hubaki hai. Maji ya kwanza ya masika yanapofika, bakteria huamka upesi na kulivamia rundo lile, hata hewa ukaa ikatoka kwa wingi kwa muda mfupi. Mafuriko yakifuata, husugua mawe na kuubandua utando, na maji ya tope huuzuia mwanga. Basi mwani hungoja maji yatakate ndipo uanze upya.

Siku nyingine ukivuka, mama, kanyaga mchanga. Utando upo hata juu ya punje zake, na kwa kuwa punje ni nyingi mno, huko chini kuna kazi kubwa kuliko ya mawe; ila mchanga hauangushi mtu.