Saa ya laptop inayorudi nyuma

Mkuu, umeuliza kama saa ya laptop yako kurudi nyuma ni virusi; hiyo siyo virusi. Kama saa inarudi nyuma kila ukizima na kuchomoa chaja, kibetri kilichopo kwenye madabodi (bodi kuu ya ndani) kimekwisha. Ni kile cha duara, mara nyingi CR2032 cha volti 3, ndicho kinachoendesha saa mashine ikiwa imezimwa. Nawafungulia watu laptop zao hapa Mwanga, Kigoma: kwenye laptop nyingi kimevikwa plastiki na kina nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, zenye plagi ndogo, kwa hiyo usichukue kisicho na nyaya cha dukani ukalazimisha kuchomelea. Baadhi ya laptop hazina kibetri hicho kabisa, zinategemea betri kubwa. Ila ikiwa saa ya laptop iko nyuma kwa saa 3 kamili muda wote, usifungue kitu. Weka ukanda wa saa wa Nairobi, ambao ni sawa na wa Tanzania, kwenye mipangilio.