Shangazi, nimestaafu ualimu, mwanangu anataka kiinua mgongo

Msomaji wetu mmoja, mwalimu mstaafu wa hisabati, kaniandikia barua ndefu kweli, naifupisha. Kafundisha miaka 36, ana miezi minane nyumbani. Kila siku saa kumi na moja alfajiri macho yashafunguka, ananyoa ndevu, anachomekea shati, halafu anakaa sebuleni hana pa kwenda. Mkewe kamwambia asimgeuze mtoto wa darasa la tatu, manake hata orodha ya vitu vya nyumbani aliyoandika mama wa watu, mzee kaisahihisha kwa kalamu nyekundu. Sasa kijana wake mkubwa kaja na wazo la kununua lori la mizigo, anataka zaidi ya nusu ya kiinua mgongo. Anauliza, nimpe?

Shikamoo Mwalimu.

Naanza na jibu kabisa ili usisome kwa presha: usimpe. Si sasa hivi na si kiasi hicho.

Sasa turudi kwenye barua yako. Umeandika kurasa tatu, humo lori limepata mistari miwili tu. Hujaniambia ni jipya au limeshatembea, dereva nani, mzigo unatoka kwa nani, likilala gereji mwezi mzima nani analipa. Lakini umeniambia, tena mara mbili, kwamba kijana anakupigia kila jioni anakuuliza "baba unaonaje", na ukikata simu unajisikia mtu tena. Mwalimu, hapo ndo penyewe. Miaka 36 umezoea mikono inanyooshwa mbele yako, ghafla asubuhi moja imekoma, watu bado wanakuita Mwalimu njiani ila hakuna anayekuuliza kitu, kisha anatokea mtu mmoja anauliza. Hata mimi ningetoa pesa jamani. Ila unachotaka kununua hapo siyo lori.

We si wa hisabati? Mwanafunzi akikuletea jibu bila kuonyesha njia ulikuwa unampa maksi? Basi kijana naye akaonyeshe njia. Aandike kwenye karatasi gharama, mafuta, bima, matengenezo, mzigo wa miezi sita ya kwanza, aje aeleze mbele yako wewe na mama yake, na mama awepo kweli siyo aitwe mwisho kuambiwa mmeshakubaliana. Ukiona hesabu inasimama mchangie kiasi ambacho kikipotea utaumia ila utalala. Na akibadilisha gia akakwambia basi baba nidhamini tu benki, ujue ni mlango uleule, akishindwa kulipa wanakuja kwako.

Kiinua mgongo hakiji mara mbili, na hiyo pensheni ya mwezi sehemu nyingi haikimbii sawa na bei za vitu, yaani kinachokutosha leo miaka kumi mbele kitakuwa kimepungua nguvu bila mtu kukiiba. Hizo pesa za mkupuo ndo ngao yako. Ziweke benki kwa muda maalumu hata mwaka mmoja, zikufunge mikono wewe mwenyewe. Na huyo mtu wa meseji anayesema atakuzalishia mara mbili kwa wiki sita, mfute. Hawa wanajua kabisa nani kastaafu lini.

Halafu kuna kitu umekiandika pembeni kama mzaha, mi ndo kimenikamata. Jirani yako mtu mzima kaja na simu umsomee meseji, akasingizia kasahau miwani, na wewe ukajua siyo miwani. UNESCO wanasema watu wazima zaidi ya milioni 700 duniani hawajui kusoma na kuandika na karibu theluthi mbili ni wanawake, mmoja wao yuko ukutani kwako hapo! Usimwambie njoo darasani, atakimbia. Mwambie "tusaidiane na hizi meseji", mara mbili kwa wiki, muanze na vitu vyake mwenyewe, majina ya wanawe, karatasi ya dawa, fomu ya benki. Usimsimamishe mbele wala usimpe mtihani. Mtu mzima ana aibu ambayo mtoto hana, wewe ulizoea watoto, kwa hiyo hapo na wewe utajifunza kazi upya kidogo, itakuchangamsha. Wakifika watatu wanne utajikuta unaandaa somo usiku na hiyo saa kumi na moja itakuwa na kazi.

Ila kabla ya yote, hiyo sauti. Umesema imekwama kama mwezi na nusu hivi ukaipita haraka. Walimu wengi koo linawasumbua kwa sababu ya kupaza sauti miaka yote, lakini sauti ikikwama zaidi ya wiki tatu siyo ya kunywea maji ya moto, nenda kwa daktari wa koo wiki hii akaangalie, usisubiri ipone yenyewe.

Kwa mama sina mengi. Hiyo nyumba mchana ilikuwa na utaratibu wake miaka yote uliyokuwa shule, kwa hiyo hapo wewe ndo mgeni uliyehamia katikati ya muhula. Muulize kazi gani anataka umpokee, akikutajia ifanye anavyotaka yeye. Na hiyo kalamu nyekundu mpe aifiche anakojua mwenyewe.